Safari ya Ng'ambo: Askari Achukue Nini, Aache Nini?

Amri ya safari isomwapo gwarideni, askari hushika maneno mawili tu: nchi aendayo na siku ya kuondoka. Neno la tatu, ambalo ni siku ya kurudi, mara nyingi halisomwi. Na hata likisomwa, halina uthabiti wa yale mawili ya kwanza. Usiku ule ule taa huwaka hadi saa nane katika nyumba za kambini. Sanduku la bati huvutwa kutoka mvunguni, nguo hutandazwa kitandani, mke huuliza hili na lile, watoto huchezea buti zilizong'arishwa, na mwenye safari husimama katikati ya chumba, redio mkono huu na blanketi mkono ule, asijue kipi kitangulie.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mtu huyo, awe askari jeshi au polisi, mwanamume au mwanamke, aendaye katika kikosi cha kulinda amani au katika chuo cha nchi nyingine. Swali la kuchukua nini na kuacha nini huonekana kuwa dogo mbele ya mambo makubwa ya kazi yetu. Hata hivyo, wako watu miongoni mwetu waliotoka salama katika mapambano, wakarudi nyumbani na kukuta hasara iliyoanzia siku ile ya kufunga mizigo.

SIKU YA KURUDI HAIMO MIKONONI MWETU

Na tuanze na mfano ulio karibu. Mwezi Januari 2007 Umoja wa Afrika uliidhinisha kikosi cha kulinda amani nchini Somalia kwa muda wa miezi 6. Mwezi uliofuata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likatoa idhini yake kwa muda huo huo, na mwanzoni mwa Machi askari wa kwanza kutoka Uganda wakatua Mogadishu. Miezi 6 ile iliongezwa, ikaongezwa tena na tena, hata kikosi hicho kilichojulikana kwa jina la AMISOM kikadumu hadi 31 Machi 2022. Kesho yake kikapokewa na ATMIS. Nayo ATMIS ikapokewa na AUSSOM tarehe 1 Januari 2025. Ni kweli kwamba askari hupokezana zamu, wala hapana aliyekaa huko miaka yote hiyo. Lakini funzo ni wazi: muda uandikwao katika karatasi ni makisio ya wakubwa, na makisio hubadilika kadiri hali inavyobadilika.

Kwa upande wa Umoja wa Mataifa, zamu ya kawaida ya vikosi ilikuwa miezi 6, na tangu Julai 2013 ikafanywa miezi 12. Hata hesabu hiyo haikusimama mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa kwa abiria kwa sababu ya ugonjwa wa korona, usifunguliwe tena kwa safari za kawaida hadi 1 Oktoba. Mwezi Aprili Umoja wa Mataifa ukasimamisha upokezanaji wa vikosi vyake hadi mwisho wa Juni. Aliyekuwa amebakiza wiki mbili arudi nyumbani alilazimika kulifungua sanduku alilokwisha kulifunga. Na aliyekuwa akisubiri kuondoka, naye amekwisha kuuza kitanda chake, akalala chini.

Kadhalika muda huweza kufupishwa. Mwezi Julai 2016 mapigano yalipozuka Juba, jeshi letu lilituma msafara wa magari kupitia Nimule kwenda kuwatoa wananchi wa Uganda waliokuwa wamekwama huko. Watu walioishi Juba kwa miaka, wenye maduka, majokofu, magodoro na pikipiki, waliondoka na kile walichoweza kukishika. Hapana aliyeulizwa kama amekwisha kujiandaa.

Kwa hiyo askari mwenye busara hafungi mizigo yake kwa tarehe moja. Hujiuliza maswali matatu: Je, nikirudi kabla ya wakati, nitapata pa kulala? Nikicheleweshwa, nyumba yangu itaendeshwaje? Na nikiambiwa niondoke katika dakika kumi, mkono wangu utashika nini? Mpango uwezao kuyajibu maswali hayo yote matatu ndio mpango wa askari.

MAFUNGU MATATU

Njia nyepesi ya kuanza ni kugawa kila kitu ulicho nacho katika mafungu matatu: vya kwenda, vya kufuata, na vya kubaki. Wengi wetu tunalijua fungu la kwanza na la tatu tu. Fungu la kati tunalisahau, nalo ndilo liupao mpango wepesi wa kugeuka.

Vya kwenda ni vile ambavyo hutaweza kuishi bila hivyo mwezi wa kwanza. Vya kufuata ni vile utakavyovihitaji endapo tu muda utaongezwa, au endapo hali ya huko itathibitika kuwa njema. Mathalani vitabu vya ziada, nguo za sherehe, jozi ya tatu ya viatu, au ala ya muziki kwa yule apendaye kupiga. Vitu hivyo vifungwe tayari katika mfuko wa peke yake, uandikwe jina, nambari na kikosi, kisha uachwe mikononi mwa mtu mmoja ajulikanaye. Muda ukiongezwa, mwenzako atakayefuata katika zamu nyingine au atakayerudi kutoka likizo atakuletea, nafasi ikiruhusu. Usipoongezwa, mfuko utakukuta nyumbani ulivyouacha. Askari aliyepanga hivyo hapotezi kitu kwa tarehe kusogezwa mbele wala nyuma.

Ndani ya fungu la kwenda umo mfuko mdogo, nao ni wa kutotengana nawe, uwe ndani ya ndege, ndani ya lori, au ndani ya handaki. Humo zimo hati ya kusafiria, barua ya amri, kitambulisho, kadi ya chanjo, dawa zako, miwani kama unavaa, fedha kidogo, simu, nguo za kubadili mara moja, na sabuni. Anayemeza dawa kila siku achukue za kutosha pamoja na karatasi ya daktari, kwani dawa isiyo na karatasi huweza kuzuiwa forodhani.

Kuhusu kadi ya chanjo ya homa ya manjano, yafaa ieleweke kwamba huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Kwa hiyo anayechanjwa siku ya kuamkia safari amechelewa. Aidha, tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote ya mwenyewe. Yeyote aliye na kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 asiitupe.

Umoja wa Mataifa huwahimiza watumishi wake walioko katika maeneo ya hatari kuuweka tayari mfuko wa namna hii wakati wote. Ukifika wakati wa kuhamishwa ghafula, mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya mfuko mmoja mdogo. Sanduku la bati hubaki. Redio hubaki. Basi yafaa tangu nyumbani kuvigawa vitu vyako kwa kadiri hiyo: kile ambacho ukikipoteza utalia kwa mwaka mzima, kama hakitoshi katika mfuko mdogo, kisiende kabisa.

MZIGO NI WAKO, MGONGO NI WAKO

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu akubebeaye sanduku lako kutoka mlangoni hadi kwenye gari hatakuwapo utakakoshukia. Mwaka 1944 wazee wetu wa K.A.R. kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland walipigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, wakaifikia Kalewa penye mto Chindwin mwezi Desemba. Katika matope yale magari yalikwama, chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege, na cha mtu binafsi kilichofika ni kile tu alichokibeba mwenyewe. Zama zimebadilika na magari yameongezeka, lakini kanuni ile ya matope ingali ikifanya kazi.

Basi, pima mzigo wako kabla ya siku ya safari. Mizani ya zahanati ya kambi yatosha: simama juu yake ukiwa na mfuko, kisha simama bila mfuko, utoe hesabu ya pili katika ya kwanza. Mashirika mengi ya ndege za abiria huruhusu kilo 23 kwa begi moja, na kwa kawaida begi lipitalo kilo 32 halipokelewi hata kwa malipo, kwa kuwa huwaumiza wapakiaji migongo. Ndege za jeshi na zile zilizokodiwa zina masharti yake; uliza kwa afisa wa usafirishaji, usiulize kwa rafiki aliyesafiri miaka mitano iliyopita. Baada ya kupima, chukua mizigo yako yote, uibebe mwenyewe kutoka mlangoni pako hadi lango la kambi, kisha urudi bila kuitua. Ukishindwa, punguza. Zoezi hili huchukua robo saa, nalo hufundisha kuliko mahubiri ya siku nzima.

Wako wenye kubeba karibu nyumba nzima kwa kuogopa ugeni: unga, karanga za kusaga, mukene, pasi, godoro, hata sufuria. Hofu hiyo inaeleweka, kwani chakula cha kwetu hupunguza upweke. Lakini tufikiri. Aendaye Mogadishu akutana na joto la pwani karibu mwaka mzima. Blanketi la pili ni uzito wa bure, ilhali chandarua na kitambaa chepesi ni mali. Aendaye chuo cha ukamanda cha Marekani huko Fort Leavenworth, Kansas, atakuta majira ya baridi yenye theluji. Naye asihangaike kununua koti kubwa Kampala, kwani makoti ya baridi ile huuzwa kule kule, tena kwa wingi. Pasi ya kwetu imetengenezwa kwa umeme wa volti 240. Kule umeme ni volti 120, na pasi hiyo haitapata moto wa kunyoosha hata leso. Kinyume chake, redio ya volti 120 iliyonunuliwa huko na kuchomekwa ukutani hapa kwetu huungua papo hapo. Nyama na vitu vingi vitokanavyo na nyama havipitishwi kuingia nchi ile; hunyang'anywa uwanjani na kutupwa.

Aendaye karibu, kwa mfano Kenya, Tanzania au Rwanda, asifikiri kwamba hana la kuangalia. Nchi hizo tatu zimepiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuiitayo kavera: Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017, na Tanzania tangu Juni 2019. Askari aliyezifunga nguo zake kwa kavera asije akaanza safari yake ya ujirani mwema kwa kuvunja sheria mpakani. Na kwa wote wapandao ndege: betri ya akiba ya kuchajia simu huwekwa katika mfuko wa mkononi, haiwekwi katika begi la kupakiwa chini; na kitu cha majimaji au cha kupaka, pamoja na karanga za kusaga, hakipiti mkononi kikizidi mililita 100.

KARATASI YA KOPLO

Sasa tufike kwenye fungu la tatu, yaani vya kubaki, ambalo wengi huliona kuwa jepesi kuliko yote. Huhesabiwa kuwa ni masalio: kilichokosa nafasi sandukuni ndicho kinachobaki. Hapo ndipo kosa kubwa lilipo, nami nitalieleza kwa habari ya askari mmoja ambaye jina lake nalistahi, kwa kuwa yungali kazini. Siku hizo alikuwa koplo. Sasa ni sajini. Alinisimulia mwenyewe.

Mwaka 2008 alipopata zamu ya Mogadishu, alifunga mizigo yake kwa siku tatu. Alikuwa mtu wa utaratibu: kila soksi ilikuwa na mwenzake, kila kifungo kilikuwa na akiba. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya bahasha iliyozungushiwa nailoni, aliweka karatasi aliyoithamini kuliko vitu vyote: makubaliano ya kununua kibanja chake, yenye sahihi ya muuzaji, ya mashahidi, na ya mwenyekiti wa baraza la kijiji. Nyumba yake iliezekwa kwa nyasi, naye aliogopa moto. "Hii itakaa nami," alimwambia mkewe. "Kambi ina walinzi usiku na mchana." Mke hakubisha.

Mvua zilipoanza, jirani aliyepakana nao upande wa kijito aling'oa miti ya mpaka, akaipanda upya hatua kumi na tano ndani ya shamba lao. Mke wa koplo akaenda kwa mwenyekiti. Yule aliyetia sahihi alikuwa amekwisha kufariki, na aliyemrithi alikuwa mtu mwema asiyejua habari za nyuma. "Mama," alimwambia, "mimi nakuamini, lakini baraza haliamui kwa kuamini. Leta karatasi." Karatasi ilikuwa ng'ambo, chini ya soksi, nyuma ya magunia ya mchanga. Wakati ule simu za kupiga picha na kuituma picha hazikuwa mikononi mwa makoplo. Yule mama alirudi barazani mara nne, kila mara na mtoto mgongoni, na kila mara akaulizwa swali lile lile.

Hatimaye karatasi ililetwa na mwenzake aliyerejeshwa kwa matibabu. Jirani alikuwa amekwisha kuvuna mara moja na kujenga msingi wa nyumba. Baraza lilikiri kwamba ardhi ni ya koplo, lakini kwa kuwa msingi ulikwisha kusimama, na kwa kuwa wazee walitaka amani, shauri likamalizwa kwa mapatano: jirani akabaki na kipande kile, akatoa mbuzi wawili na fedha kidogo. Koplo aliporudi alipokewa kwa ngoma. Kesho yake akaenda kuutazama mpaka mpya.

"Afande," aliniambia, "nililinda mji wa watu kwa bunduki, na shamba langu nikaondoka nalo mfukoni."

Koplo huyu hakuwa mzembe, wala mkewe hakuwa dhaifu. Kosa lilikuwa katika swali. Alipokuwa akipanga vitu vyake alijiuliza, "Kipi ni cha thamani kwangu?" Ilimpasa ajiulize, "Ni nani atakayekihitaji nikiwa sipo?" Kila kitu kinachohitajiwa na wale wanaobaki, hakina budi kubaki, hata kama ni chenye thamani kuliko vyote, na mahali pake pa usalama patafutwe huko huko nyumbani, benki au kwa wakili, pamoja na nakala kwa mtu wa pili. Askari aondoke na nakala. Hati yenyewe isivuke mpaka.

NYUMBA IENDESHWE BILA WEWE

Vitu vinavyobaki havijilindi. Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kuondoka, keti na mwenzi wako mwandike kila kilichomo: ardhi, mifugo, pikipiki, vitu vya ndani, madeni unayodai na madeni unayodaiwa. Kando ya kila kitu muandike nani amekabidhiwa. Orodha hiyo iandikwe nakala mbili, moja yako na moja yake. Orodha kama hiyo ifanyike pia kwa vitu unavyosafiri navyo, kwani vikipotea au kuungua, hapana atakayekulipa kwa kumbukumbu za kichwani.

Iwapo lazima ndugu au mwenzi atende kwa niaba yako, mpe hati ya kisheria iliyoandikwa na wakili, itajayo waziwazi ni mambo gani anaruhusiwa kuyafanya na kwa muda gani. Usimpe mtu uwezo wa kuuza kila kitu kwa sababu tu ni kaka yako. Na yafaa ndugu wa pande zote wajue kwamba Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake, hairuhusu ardhi ambayo familia inaishi au kupata riziki yake iuzwe au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Wako askari waliorudi na kukuta shemeji na mke wao mahakamani; sheria hii ingelijulikana mapema, kesi isingelizaliwa.

Wosia nao ni sehemu ya mizigo. Wengi wetu huona kuuandika ni kujiitia mauti. Lakini askari avaaye kofia ya chuma hajiitii risasi, anajikinga nayo. Wosia utiwe sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, ukae mahali panapojulikana. Vile vile, angalia jina la jamaa wa karibu lililoandikwa katika faili lako la kazi. Wapo walioandika jina la mama walipoandikishwa jeshini wakiwa vijana, kisha wakaoa, wakazaa, mama akafariki, na faili likabaki vile vile.

Kuhusu fedha, mshahara wa nyumbani na posho ya huko vitenganishwe. Mshahara uendeshe nyumba. Posho iende katika akiba, iwe Wazalendo kwa askari jeshi, Exodus kwa polisi, au benki yoyote. Posho isihesabiwe kabla haijaingia mkononi, wala isikopewe. Aliyekopa gari kwa tegemeo la miezi 12 ya posho, kisha akarejeshwa mwezi wa saba, atalipa miezi mitano kwa jasho.

USIUZE KWA SABABU YA TAREHE

Kuna desturi ya kuuza vitu haraka haraka amri inaposomwa. Kitanda, kabati, ng'ombe, baiskeli, vyote hutolewa kwa bei ya kutupa, kwani mnunuzi anajua kwamba muuzaji ana haraka. Kisha tarehe husogezwa. Nimemwona askari akinunua tena godoro lake mwenyewe kwa jirani, kwa bei iliyozidi ile aliyoliuzia. Kanuni iwe hii: kitu kisiuzwe kwa sababu ya tarehe. Kiuzwe kwa sababu kwamba hata usiposafiri hakikufai tena. Vilivyobaki vitunzwe, viazimwe kwa maandishi, au vitumiwe na familia. Na kama familia itahama kutoka kambini kwenda kijijini, ihame kwa kalenda ya shule za watoto, isihame kwa kalenda ya ndege.

MZIGO WA KURUDI

Safari ina mizigo miwili, wa kwenda na wa kurudi. Wa kurudi hujengeka kidogo kidogo: jaketi hili, televisheni ile, zawadi za shangazi na za watoto wa jirani. Acha nafasi katika sanduku tangu siku ya kwenda. Usirudi na maganda ya risasi, vipande vya bomu, wala kitu chochote cha silaha kwa jina la ukumbusho. Kitu hicho uwanja wa ndege hauwezi kukitofautisha na hatari, na mwenye nacho huishia mahabusu. Pembe za ndovu na ngozi za wanyama wa mwitu ni marufuku kwa mkataba wa kimataifa ambao umetumika tangu 1975.

Anayefikiria kurudi na gari ajue kwamba sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe ushuru mkazi anayerudi, kwa masharti. Mojawapo ya masharti hayo ni kwamba gari liwe moja tu, na awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa muda usiopungua miezi 12. Gari lililonunuliwa wiki ya mwisho halina msamaha huo, nalo huweza kumeza akiba yote ya zamu kwenye lango la forodha.

Mabaharia wana msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Yaani mtu azunguke nyuma na mbele ya chombo, mwisho wake atarudi katikati. Nasi, tuende Somalia, Sudan Kusini, Marekani au Arusha, mwisho wetu ni ule mlango tuliotokea. Taifa humpa askari buti, sare na amri. Halimpangii sanduku lake, wala halimwambii mkewe karatasi iko wapi. Hayo huyafanya mwenyewe, usiku ule wa amri, kabla taa haijazimwa.

Sajini yule amepata zamu nyingine tangu wakati huo. Nilimuuliza safari hii amechukua nini. Alinionyesha mfuko mmoja, si mzito. Kisha akaniambia kwamba bahasha yenye nailoni iko kwa mkewe, nakala yake iko kwa wakili, na miti ya mpaka ameipanda upya kwa mikono yake, mbele ya baraza zima la kijiji.